Kiungulia ni Jambo la Chama



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za mishahara, za malipo ya saa za ziada, za nyumba zinazovuja, na za wenzetu waliokaa muda mrefu wakingoja barua ya kuthibitishwa kazini. Mambo hayo ni ya haki na sitaki lipunguzwe hata moja. Lakini leo naomba nafasi niandike juu ya kitu kidogo kisichoonekana kwa macho, ambacho hakijapata kuundiwa kamati, na ambacho nadhani kinawanyima usingizi watu wengi wa tawi letu la Bungoma kuliko hata deni la dukani. Nataka kusema juu ya kiungulia.

Najua wengine watacheka. Watasema, huyu amekosa neno la kuandika, ameanza kutuhesabia mbeuo. Wacheke, lakini wasome mpaka mwisho, maana huenda anayecheka ana vidonge vya tumbo mfukoni sasa hivi.

Kiungulia ni ule moto unaopanda kifuani, nyuma ya mfupa wa kati, baada ya kula au wakati wa kuinama au kulala. Pengine maji makali hurudi mpaka kooni, na mtu huamka usiku amekabwa kana kwamba amemeza siki. Kila mtu hukipata siku moja moja, mathalani baada ya arusi, na hilo si ugonjwa. Mwaka 2006 madaktari wa nchi mbalimbali walikubaliana juu ya maana ya ugonjwa wenyewe, katika maelezo yanayojulikana kwa jina la mji wa Montreal. Walisema ni ugonjwa pale vitu vya tumboni vinaporudi juu na kuleta dalili zinazomsumbua mtu, au kumletea madhara. Tafadhali litazameni neno hilo, kumsumbua. Hawakusema mpaka alazwe hospitali, wala mpaka atapike damu. Walisema mgonjwa mwenyewe ndiye ajuaye kama anasumbuka, na kipimo chao kilikuwa ni maisha yake: anakula vipi, analala vipi, anafanya kazi vipi.

Nao si watu wachache. Wataalamu waliojumlisha uchunguzi wa nchi nyingi wanasema kwamba duniani kiasi cha watu wazima 13 au 14 katika kila 100 wanapata dalili hizi kila juma. Basi katika gengi la watu 15, wawili wanazo. Na hesabu hiyo ni ya watu wote, wakiwamo makarani wanaokula saa saba mchana kila siku na kulala saa nne usiku. Haikuhesabu watu wa reli peke yao.

Yafaa tujue jinsi jambo lenyewe linavyokwenda, kwa sababu wengi wetu tumeambiwa uongo mwingi juu ya tumbo. Chakula hushuka kwa mrija uitwao umio. Mwisho wa mrija huo, pale unapoingia tumboni, pana msuli wa duara ambao kazi yake ni kufunguka chakula kikishuka na kufunga mara kikishapita. Tumbo hutengeneza tindikali kali ya kusagia chakula na kuua vijidudu, na ngozi ya ndani ya tumbo imeumbwa kuistahimili. Umio haukuumbwa hivyo. Msuli ule ukilegea, au tumbo likijaa mno na kusukumwa kutoka chini, tindikali hupanda mahali isipostahili kuwapo, na hapo ndipo moto unapowaka. Sisi tunaofanya kazi katika njia ya reli moja twajua vema mambo yanavyokuwa gari likirudi nyuma bila ruhusa.

Sasa, ni mambo gani yanayoufanya msuli ule ushindwe? Unene wa tumbo ni moja. Sigara ni nyingine, na pombe kadhalika. Mimba pia, ndiyo sababu akina mama wengi husumbuliwa sana katika miezi ya mwisho. Kula shibe kubwa na kulala papo hapo. Kuinama na kunyanyua vitu vizito wakati tumbo limejaa. Mkanda uliokazwa sana kiunoni. Wengine huchokozwa na pilipili, wengine na vyakula vya mafuta mengi, wengine na kahawa, na katika hili watu hawafanani; mwenzangu mmoja hula pilipili kama mboga na hajui kiungulia ni nini, lakini chapati mbili za mafuta humkesha.

Isomeni tena orodha hiyo, kisha mwitazame kazi yetu. Mtu wa gengi hula ugali wake saa saba kando ya njia, na baada ya dakika chache amekwisha inama juu ya mataruma, anashindilia kokoto au ananyanyua reli na wenzake. Tumbo limejaa, mgongo umekunjwa, mkanda umekazwa. Mtu wa zamu ya usiku hutoka kazini alfajiri, hufika nyumbani ana njaa ya kutwa, hula sahani kubwa iliyowekwa tangu jana, na kwa kuwa anatakiwa arudi kazini jioni, hujitupa kitandani mara moja. Dereva na mwenzake wanaoleta mizigo kutoka upande wa Nakuru huvuka Timboroa, mahali pa futi 9,000 na zaidi, penye baridi ya kukata masikio. Huko watakunywa chai ya moto sana, na chakula watakila si wakati wa njaa bali wakati gari litakaposimamishwa. Hakuna daktari anayeweza kubuni utaratibu mzuri zaidi wa kumpa mtu kiungulia.

Tena liko jambo la dawa za maumivu. Kazi yetu inauma mgongo na magoti. Wengi wetu humeza diklofenaki, ibuprofeni au aspirini karibu kila siku, pengine asubuhi kabla ya kula neno. Dawa hizo zinaweza kuchokoza umio na tumbo, na zinaweza kuleta vidonda vya tumbo vinavyotoa damu. Kwa hiyo mtu huponya mgongo kwa tumbo lake, kisha hununua dawa ya tumbo, na mwenye duka hufurahi mara mbili.

Nimesema kwamba kipimo ni maisha. Basi na tuyatazame.

Kwanza usingizi. Kiungulia cha usiku ndicho kibaya kuliko vyote, kwa sababu mtu akilala tindikali haina mteremko wa kuirudisha chini, na mate anayoyameza usingizini ni machache, hayawezi kuisafisha. Mtu huamka saa nane akiungua, hukaa kitako ukingoni mwa kitanda mpaka saa tisa, hujaribu kulala tena, huamka tena. Wako watu katika nyumba zetu za kazi ambao hulala wameketi kwenye kiti. Na mtu wa namna hiyo asubuhi hahesabiwi kuwa mgonjwa. Hana bandeji, hana homa, hatembei kwa fimbo. Hufika kazini macho mekundu, na msimamizi husema jana huyu alikuwa kwenye busaa. Sisi tunaoshika bendera, taa na mikono ya pointi hatuhitaji kuelezwa hasara ya mtu kusinzia dakika tatu. Mwajiri anayefanya hesabu ya mafuta ya injini mpaka lita ya mwisho afaa afanye na hesabu ya usingizi.

Pili ni chakula, na hapa sisemi habari ya tumbo tu, nasema habari ya utu. Katika nchi yetu hii ya Bungoma mtu hakuheshimu mpaka akupe chakula. Ukienda ukweni, kuku huchinjwa, na firigisi huletwa mbele yako kwa heshima. Mtu anayejua kwamba kipande cha nyama ya mafuta kitamwasha usiku kucha atafanyaje? Akila, atakesha. Akikataa, mama mkwe atasema mkwe huyu anajivuna, au anaogopa kurogwa. Nimemwona mwanamume mzima akikataa kwenda matangani kwa jamaa yake wa karibu, si kwa ubahili, bali kwa kuwa amechoka kueleza kwa nini hali. Mara ya kwanza watu humsikitikia. Mara ya tatu hawamwaliki tena. Ugonjwa huu humtoa mtu katika baraza polepole, bila ugomvi, na mwisho hukaa peke yake na uji wake.

Tatu ni sauti na pumzi. Wengi hawajui kwamba tindikali ikipanda mpaka kooni huweza kukausha sauti, kuleta kikohozi kisichokwisha, na hata kula meno. Huku kwetu watu wengi huimba kwaya kanisani, na naijua bezi nzuri sana iliyonyamaza kwa mwaka mzima, watu wakidhani ameacha dini. Kikohozi nacho kina taabu yake. Mtu akikohoa miezi miwili watu humwogopa kwa sababu ya kifua kikuu. Ni vizuri apimwe kifua kikuu, tena upesi, maana ugonjwa huo upo na unatibika. Lakini akipimwa akaonekana hana, asiambiwe basi huna kitu, nenda.

Nne ni hofu. Maumivu ya kiungulia hukaa kifuani karibu na moyo, na mtu aliyeamshwa nayo usiku wa manane hufikiri saa yake imefika. Hapa nataka kusema neno moja la tahadhari kwa nguvu zote. Maumivu ya moyo yenyewe yaweza kufanana na kiungulia. Mtu akibanwa na kifua kama amekaliwa na jiwe, maumivu yakienda kwenye mkono, bega au taya, akatoka jasho la baridi au akakosa pumzi, asipewe magadi, asiambiwe alale. Apelekwe hospitali wakati huo huo. Heri daktari aseme ni tumbo kuliko sisi kusema ni tumbo.

Yako mengine ambayo sitayaeleza sana kwa sababu ni ya ndani ya nyumba. Harufu ya mdomo, kulala vyumba mbalimbali, hasira ya mtu asiyelala. Wake zetu wanayajua, na waume wa wanachama wetu wanawake wanayajua pia.

Neno linaloniudhi kuliko yote ni kuambiwa, "Hayo ni mawazo tu." Mfanya kazi akienda na taabu ya tumbo, mara nyingi hujibiwa apunguze mawazo. Sikatai kwamba wasiwasi huzidisha maumivu. Huzidisha, hata ya jino. Lakini historia ya tumbo yatufundisha tusiwe wepesi wa kusema hivyo. Kwa miaka mingi madaktari wengi wa dunia waliamini kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo mengi na vyakula vikali. Kisha huko Perth, Australia, madaktari wawili, Robin Warren na Barry Marshall, walionyesha kwamba kuna kidudu kiitwacho Helicobacter pylori kinachokaa tumboni, nacho ndicho chanzo cha vidonda vingi. Hawakuaminiwa. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mwenyewe mchuzi wenye vidudu hivyo, tumbo lake likashikwa na ugonjwa, naye akapata ushahidi. Mwaka 2005 wote wawili walipewa tuzo ya Nobel. Ni watu wangapi kabla ya hapo waliorudishwa nyumbani wakiambiwa wasifikiri sana?

Nalitaja jambo hilo kwa sababu nyingine pia. Huku kwetu kila mwenye tumbo husema ana vidonda vya tumbo, na kila mwenye kiungulia hununua dawa za vidonda. Si kitu kimoja. Vidonda vya kidudu hupimwa kwa choo au kwa pumzi, na hutibiwa kwa dawa kadhaa kwa pamoja, mara nyingi kwa siku 14, nazo yapasa zimalizwe. Kiungulia kina njia yake nyingine. Mtu anayemeza dawa za kuua vidudu kwa kubahatisha, siku tatu hizi, siku mbili zile, hajitibu. Anavifundisha vidudu kuzoea dawa.

Na tuseme sasa juu ya dawa za kiungulia chenyewe. Wazee wetu walilamba magadi, na mama zetu wana ile chumvi ya jivu inayotengenezwa kwa maganda ya maharage. Haikuwa ujinga. Vitu hivyo huikata tindikali, kama vile Eno inavyofanya na vile vidonge vyeupe vya kutafuna vya zahanati. Nafuu huja upesi na huondoka upesi. Lakini magadi na Eno zina chumvi ya namna inayoweza kudhuru mtu mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu, na mtu wa namna hiyo asizitumie kila siku bila kumwuliza daktari. Akina mama waja wazito nao waulize kliniki kwanza.

Iko dawa nyingine yenye nguvu zaidi, omeprazoli, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1988. Hii haiikati tindikali iliyokwisha kutoka. Huzuia isitengenezwe nyingi. Kwa hiyo humezwa kabla ya kula, kama nusu saa kabla ya chakula cha asubuhi, na si wakati moto umekwisha kuwaka. Watu wengi niliowauliza huimeza usiku baada ya kushiba, kisha husema haifai. Kwa kawaida daktari huitoa kwa majuma 4 mpaka 8, kisha hutazama hali. Katika duka moja la dawa, ambalo sitalitaja, mwenzetu wa gengi aliuziwa kidonge kimoja kimoja kwa muda wa miaka, bila mtu hata mmoja kumwuliza kwa nini tumbo haliponi. Tufanye hesabu ndogo. Mtu akitoa shilingi 20 kila siku kwa dawa ya tumbo, kwa mwezi ni 600, na kwa mwaka ni 7,300. Na tangu Oktoba 2024 sote twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima mpya ya afya ya jamii. Ikiwa twalipa pande zote mbili, mbona tunakwenda upande wa duka tu? Kila mwanachama ahakikishe jina lake na la watoto wake limeandikishwa, aende zahanati, na akikataliwa aje aseme chamani.

Nafikia sasa neno la hatari. Zipo dalili ambazo si za kungoja hata juma moja: chakula kukwama wakati wa kumeza, kukonda bila sababu, kutapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, choo cheusi kama lami, na upungufu wa damu. Mwenye hizo aende hospitali ya wilaya yake, na akipewa barua ya kwenda hospitali kubwa ya rufani kule Eldoret asiiweke kabatini.

Nasema hivi kwa sababu ya mahali tunapokaa. Tangu miaka ya 1960 madaktari wamekuwa wakiandika kwamba saratani ya umio ni nyingi katika sehemu za magharibi ya Kenya. Wengi wetu tumezika mtu aliyeanza kwa kushindwa kumeza ugali, kisha uji, kisha maji. Wataalamu wanasema kwamba saratani ya huku kwetu kwa sehemu kubwa ni ya aina ambayo haitokani na kiungulia. Ile inayotokana na kiungulia cha miaka mingi ni aina nyingine, inayoonekana zaidi katika nchi za Ulaya na Marekani. Basi mwenye kiungulia asikose usingizi mara ya pili kwa kuogopa saratani. Lakini aliyezoea maumivu ya kifua kwa miaka kumi hatatambua upesi maumivu mapya, na hapo ndipo penye hatari.

Na kwa kuwa nimeigusa habari hiyo, nitasema juu ya chai. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto unaozidi digrii 65 huenda vikaleta saratani ya umio. Uchunguzi uliofanywa Eldoret nao ulionyesha kwamba wanaokunywa vinywaji vya moto mno wana hatari kubwa zaidi, na pombe imo katika hesabu hiyo, chang'aa pamoja na busaa. Sisi watu wa huku twajivunia kunywa chai inayotoka motoni. Anayeipoza huitwa mtoto. Ingoje dakika chache, ndugu, sukari haitakimbia.

Turudi kwa mwajiri, maana najua wako wanachama wanaosema, "Chama ni cha mishahara, mambo ya tumbo ni ya mtu na mke wake." Nimelisikia neno hili katika mkutano, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Hebu tulipime. Daktari anasema nini kwa mwenye kiungulia? Apunguze uzito kama ni mnene. Aache sigara. Haya ni ya mtu mwenyewe, na chama hakiwezi kumnyang'anya mtu sigara. Ainue kichwa cha kitanda kwa inchi 6 mpaka 8, kwa kuweka matofali au vipande vya mbao chini ya miguu miwili ya upande wa kichwa. Asirundike mito, maana mito hukunja tumbo na kuzidisha. Alale kwa ubavu wa kushoto. Haya pia ni ya mtu mwenyewe, nayo hayana gharama. Matofali manne Bungoma hayajamshinda mtu.

Lakini daktari anaendelea. Asilale mpaka zipite kama saa tatu baada ya kula. Ale kidogo kidogo, si mlo mmoja mkubwa. Asiiname na kunyanyua mizigo mara baada ya chakula. Sasa niambieni, ni nani anayetawala mambo hayo matatu? Si mfanya kazi. Ni karatasi ya zamu. Mtu wa usiku angeweza kula mlo wake mkubwa kabla ya usiku kuwa mwingi, akaonja kitu kidogo tu alfajiri kabla ya kulala. Lakini hana muda wa kula katikati ya zamu, wala mahali pa kupashia chakula. Mtu wa gengi angeweza kupewa kazi nyepesi kwa nusu saa baada ya chakula, kupima au kukaza misumari ya mahali pa wima. Lakini hakuna aliyepanga. Tunapewa ushauri wa daktari kwa mkono mmoja na ratiba isiyowezekana kwa mkono mwingine. Hapo tumbo la mtu limekwisha kuwa jambo la chama, tupende tusipende.

Tena sheria haiko mbali nasi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri alinde usalama, afya na hali njema ya watu wake kazini, na atoe maji safi ya kunywa. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo yampa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo ruhusa ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, akileta cheti cha daktari. Sheria haikutaja kwamba ugonjwa uwe wa kuonekana. Mtu aliyekesha usiku tatu kwa kifua kuwaka, akaenda zahanati akapata cheti, si mtoro.

Ninayotaka chama kiyaombe ni machache. Muda wa kula ulioandikwa katika zamu za usiku, na uheshimiwe, si wa kuibwa. Mahali pa kupashia chakula moto na pa kuketi, hata kibanda, katika vituo ambako watu hukesha. Nafasi ya kutosha kati ya zamu moja na nyingine, ili mtu ale na asubiri kabla ya kulala. Na watu wa gengi wasipelekwe kunyanyua reli dakika ile ile waliyoweka sahani chini. Hakuna hata moja hapo la kumfilisi mwajiri, na nadhani mengine yangeweza kukubaliwa kwa mazungumzo ya asubuhi moja na msimamizi mwenye akili.

Nasi kwa upande wetu tuache kumcheka mtu anayesema anaungua. Nyapara akimwona mtu amejishika kifua asimwite mvivu mbele za vijana, amwulize kando.

Katibu wa tawi amekubali neno hili liwekwe katika mkutano ujao baada ya habari ya nyumba. Mwenye taabu hii ambaye hataki kusimama mbele ya watu aandike karatasi, aeleze zamu yake, saa anazokula na saa anazolala, aiache ofisini. Si lazima aandike jina. Tukiwa na karatasi 20 za namna hiyo tutakuwa na kitu cha kuweka mezani.

Mfanya kazi wa njia, Bungoma